Tupime Kina cha Maji: Mkristo na Uhalisia wa Mambo

NENO LA MCHUNGAJI

Masomo: Matendo ya Mitume 27:9-44, Yeremia 28, 29 na 32, Warumi 4:18-21



Mwezi huu tunataka kujibu swali ambalo limeletwa kwetu mara nyingi, na vijana wa kwaya, na wazazi, na hata wazee wa kanisa. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu anayesema wazi kwamba hali ni mbaya amepungukiwa na imani? Kijana mmoja aliliuliza kwa njia yake: "Mchungaji, tukitunga wimbo unaoeleza jinsi tulivyokimbia na jinsi tunavyolala na njaa, huo ni wimbo wa kanisa au ni manung'uniko?"

Ni swali zuri, na linagusa maisha yetu yote. Kati yetu wako ndugu wanaodhani kwamba imani ni kufumba macho. Homa inawaka, wao wanasema wamepona na hawaendi kwenye zahanati. Chakula kimebaki cha siku tatu, wao wanasema hakuna shida. Wako na wengine waliochoka, ambao wamefikia kusema kwamba hakuna jema litakalokuja tena, na wanajiita watu wanaoona ukweli. Tunataka kuonyesha leo kwamba wote wawili wameuacha ukweli. Wa kwanza amepunguza ukubwa wa tatizo. Wa pili amepunguza ukubwa wa Mungu. Mkristo hapunguzi kimoja wala kingine.

Waalimu wa shule huita jambo hili uhalisia, yaani kuona mambo kama yalivyo na kuyasema kama yalivyo, katika maisha na katika sanaa pia: nyimbo, picha, michezo ya kuigiza na hadithi. Tuyatazame yote mawili kwa mwanga wa Neno la Mungu.

1. BANDARI INATUFUNDISHA

Wengi wetu tuliotoka Kongo tunaijua Bujumbura. Wengine tulikaa mitaani kule kabla ya kuletwa makazini. Wengine wamefanya kibarua cha kubeba mizigo bandarini. Bandari ile haikuanza jana. Wajerumani walijenga boma lao mahali pale mwishoni mwa karne ya 19, na mji ukaitwa Usumbura. Jina la Bujumbura likaja pamoja na uhuru wa mwaka 1962. Mwaka 2019 Gitega iliwekwa kuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi, lakini bandari haikuhama, kwa kuwa meli haipandi milima. Saruji, sukari na bidhaa nyingine kutoka Mpulungu ya Zambia, mizigo ya Kigoma na ya Kalemie, vyote hivyo hushushwa ukingoni mwa ziwa.

Angalieni kazi ya bandarini. Pale hakuna anayekisia. Gunia likishushwa linahesabiwa, na panapotakiwa uzito linapandishwa kwenye mizani. Karani akihesabu magunia 400, hawezi kuandika 500 kwa sababu ana imani, wala hawezi kuandika 200 kwa sababu ana huzuni siku hiyo. Anaandika 400. Hesabu yake ikiwa ya uongo, kuna mtu mahali fulani atakayelia kwa ajili yake.

Angalieni na maji yenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 mahali palipo chini zaidi, na linagusa nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Lakini nahodha anayekaribia gati hawazi juu ya kina cha katikati ya ziwa. Anawaza juu ya tope la pembeni. Mito kama Ntahangwa hushuka kutoka milimani, hupita mjini na kubeba udongo mpaka ziwani, na udongo huo hukaa chini bila kuonekana. Juu maji ni yale yale. Meli hukwama mahali ambapo mtu alidhani anapajua.

Kuna na jambo la tatu. Meli za mizigo huchorwa alama ubavuni, mstari unaoonyesha mahali ambapo maji hayapaswi kupita wakati meli imepakiwa. Zamani wenye meli wengine walikuwa wakipakia kupita kiasi, na mabaharia walikufa wengi. Mbunge mmoja wa Uingereza, Samuel Plimsoll, alipigana bungeni mpaka sheria ikapitishwa mwaka 1876 ya kuweka alama hiyo. Ni mchoro mdogo sana, hauna uzuri wowote, lakini umeokoa watu wengi kwa sababu unasema kweli.

Na pale ambapo ukweli huo ulipuuzwa, tunajua yaliyotokea. Meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakafa. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimetengenezwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walipita 200. Hatuna shaka kwamba katika watu wale walikuwamo watu wa sala. Sala yao haikubadilisha hesabu ya watu waliopanda.

Miaka hii tumeona pia ziwa lenyewe likipanda. Mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba za ukingoni mwa Bujumbura na Gatumba, yakasumbua hata kazi za bandari, na mwezi wa Aprili serikali ya Burundi iliomba msaada wa nchi nyingine. Aliyesema, "Maji hayajawahi kufika kwangu, kwa hiyo hayatafika," alitoa godoro lake likiwa limelowa. Aliyepima maji kila asubuhi kwa kijiti alihama na watoto wake mchana.

2. PAULO ANAPIMA MAJI

Sasa tufungue Matendo ya Mitume sura ya 27. Tunaipenda sura hii sisi tuliovuka maji. Paulo ni mfungwa ndani ya meli inayokwenda Italia. Dhoruba imewashika kwa siku nyingi, jua halionekani wala nyota, na Luka anaandika bila kuficha kwamba matumaini yote ya kuokoka yalikuwa yameondoka. Luka alikuwamo melini. Hakuona aibu kuandika kwamba wao pia, watumishi wa Mungu, walifika mahali hapo.

Usiku wa kumi na nne mabaharia wanahisi wamekaribia nchi kavu. Wanashusha kamba na kupima: pima ishirini. Wanasogea kidogo na kupima tena: pima kumi na tano. Kisha wanatupa nanga nne nyuma ya meli na kungoja asubuhi. Tukumbuke kwamba wakati huo malaika alikuwa amekwisha kumwambia Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Ahadi ilikuwapo tayari! Je, Paulo aliwazuia kupima? Je, aliwaambia kwamba kupima ni kutomwamini Mungu? Hapana. Ahadi ya Mungu na kamba ya kupimia vilikuwa ndani ya meli moja.

Sikilizeni pia jinsi Paulo alivyoipokea ahadi. Hakusema kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Alisema kwamba watu watapona, bali meli itapotea. Hili ni neno zito kwetu. Wako wahubiri wanaotuahidi meli: shamba lako lile lile, nyumba yako ile ile, jirani zako wale wale. Paulo hakuahidi meli. Sisi pia tumepoteza meli nyingi. Kuna nyumba za Uvira na Fizi, na za Bukavu, ambazo hatutaziona tena kama tulivyoziacha. Kusema hivyo siyo kumkana Mungu. Meli ilivunjika kweli, na watu 276 walifika pwani kweli, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao za meli ile ile iliyovunjika.

Na kabla ya asubuhi Paulo aliwahimiza wale chakula. Mtu wa ukweli anajua kwamba mwenye njaa hawezi kuogelea.

3. HANANIA NA YEREMIA

Tuje kwa Yeremia. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa Babeli, na wote walikuwa na swali moja, lile lile tulilonalo sisi: Tutarudi lini? Nabii Hanania alisimama hekaluni na kutoa jibu tamu. Alisema ni miaka miwili tu. Yeremia akajibu kwamba angependa iwe hivyo. Ona, Yeremia naye alipenda kwao! Lakini Bwana hakuwa amesema hivyo. Yeremia aliwaandikia wakimbizi wa Babeli barua, akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wautafute usalama wa mji waliomo na kuuombea. Miaka ni sabini.

Fikirini nyumba mbili kule Babeli. Nyumba ya kwanza ilimwamini Hanania. Hawakupanda kitu, maana mavuno yangechelewa. Hawakumpeleka mtoto kujifunza kazi, maana watarudi hivi karibuni. Waliuza hata chungu cha kupikia. Miaka miwili ikapita. Nyumba ya pili ilimwamini Yeremia, ikalia usiku kucha, na asubuhi ikachimba bustani. Ni nyumba ipi iliyokuwa na watoto wenye nguvu ya kurudi siku ya kurudi ilipofika?

Tunasema hivi kwa sababu akina Hanania hawajaisha. Mara nyingi hapa makazini habari hupita usiku: orodha imetoka, majina yanachukuliwa kwa siri, lipa kiasi fulani jina lako liingizwe, ndege ni mwezi ujao. Tumeona familia zikiuza mabati na sufuria. Tumeona mama akiuza chakula cha mgao ili kumlipa mtu asiyemjua. Tumeona watoto wakitolewa shuleni kwa sababu "wataanza shule kule". Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata watu waliokuwa wamekwisha kupewa tarehe ya ndege walirudishwa kungoja. Wale waliokuwa wameendelea kulima na kusomesha walilia, na walikuwa na haki ya kulia, lakini walikuwa na bustani. Wale waliouza kila kitu walilia bila bustani.

Wapendwa, kujaza fomu siyo dhambi. Kuomba Mungu afungue mlango siyo dhambi. Lakini anayekuambia kwamba mlango umefunguliwa wakati umefungwa anakuibia miaka yako, hata akisema kwa jina la Bwana. Na kuhusu kurudi kwetu Kongo ni vivyo hivyo. Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, makumi ya maelfu ya ndugu zetu walivuka kuingia Burundi, wengi wao kwa kupita mto Rusizi. Aliyekuwa anatuambia miezi michache kabla yake kwamba amani imekamilika, turudi wote, hakuwa amepima maji.

4. UHALISIA KATIKA NYIMBO NA PICHA

Sasa tumjibu kijana wetu wa kwaya.

Neno hili la uhalisia lilivuma sana huko Ufaransa. Mwaka 1855 mchoraji Gustave Courbet aliweka picha zake kwenye nyumba yake mwenyewe ya maonyesho mjini Paris na kulitumia neno hilo kama bendera. Miaka michache kabla yake alikuwa amechora wanaume wawili wakivunja mawe kando ya barabara, mmoja mzee, mwingine kijana, nguo zao zimechanika. Matajiri walishangaa: picha kubwa kama hiyo, ya wavunja kokoto? Walizoea kuona wafalme. Akina mama wetu wanaovunja kokoto ili wapate chumvi na sabuni wangemwelewa mara moja. Alikosea jambo moja tu, kwa maoni yetu: alikataa kuchora kisichoonekana kwa macho, kana kwamba kisichoonekana hakipo. Mkristo anajua kwamba kipo. Lakini hata Mkristo haruhusiwi kuchora uongo juu ya kinachoonekana.

Tusiende mbali, twende Lubumbashi. Ndugu zetu wa Katanga wanakumbuka picha zilizotundikwa katika nyumba za watu miaka ya 1970. Kulikuwa na picha ya mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki mwenye nywele ndefu, anayesemekana kumpa mtu utajiri. Na kulikuwa na picha iliyoitwa Colonie belge: askari anampiga mfungwa kwa kiboko na mzungu anatazama. Fikirini: ukuta mmoja wa sebule una ndoto ya utajiri wa haraka, ukuta mwingine una kumbukumbu ya maumivu. Watu wa kule waliziita picha za namna hii ya pili ukumbusho.

Mchoraji mmoja wa kule, Tshibumba Kanda-Matulu, alizaliwa mwaka 1947 katika mji huo ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Miaka ya 1973 na 1974 alichora picha kama mia moja za historia ya nchi, tangu zamani, kupita ukoloni na Lumumba, mpaka siku zake, akizichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Alimweleza mtafiti mmoja, Johannes Fabian, maana ya kila picha, kwa Kiswahili hiki hiki tunachosali nacho. Hakutaka kuitwa mchoraji tu, alijiona mwanahistoria. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alipo. Lakini kazi yake ipo, na mtoto wa Kongo aliyezaliwa makazini anaweza kuona kupitia kwake kile ambacho babu yake alikiona. Hii ndiyo faida ya sanaa ya kweli. Mamba muntu hamfundishi mtoto kitu isipokuwa kutamani.

Na Biblia yenyewe, je? Wafalme wengine waliwalipa waandishi waandike ushindi tu. Biblia iliandika dhambi ya Daudi na jina la Uria. Iliandika kwamba Petro alimkana Bwana mara tatu. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, na haikuondolewa katika kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu. Kitabu cha Maombolezo kinaeleza njaa ya watoto Yerusalemu kwa maneno ambayo ni vigumu kuyasoma mbele ya watu. Lakini mjue pia jinsi kilivyotungwa. Katika Kiebrania, sura ya kwanza, ya pili na ya nne kila moja ina mistari 22, na kila mstari unaanza kwa herufi yake ya alfabeti, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho. Sura ya tatu ina 66, kila herufi mara tatu. Mwenye kuomboleza alilia, lakini alilia kwa mpango, kwa kazi nzuri ya mikono. Kwa hiyo, enyi vijana wa kwaya, wimbo wa kweli siyo wimbo uliotungwa ovyo. Fanyeni mazoezi. Na katikati ya sura ile ya tatu ndipo panapotajwa rehema za Mungu, mpya kila asubuhi. Tumaini limewekwa ndani ya maombolezo, halikuwekwa mahali pa maombolezo.

Mnakumbuka pia mjadala wetu juu ya picha ya ukuta wa kanisa. Vijana walileta michoro miwili. Mmoja ulikuwa na ziwa tulivu, mitende na meli nyeupe inayong'aa. Wa pili ulikuwa na mtumbwi uliojaa watu usiku, mawimbi makubwa, na wote wameinua mikono wakisali. Wengi tulipenda huu wa pili, tukasema ndio sisi. Mama mmoja mzee alisimama, akautazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Wanangu, na anayemwaga maji yuko wapi? Sisi tulipovuka tulisali, na tulimwaga maji."

Kanisa lote lilinyamaza. Mama yule alikuwa ametufundisha uhalisia kuliko chuo cha Biblia. Mchoro wa kwanza ulisahau dhoruba. Wa pili ulisahau sufuria. Leo picha ile iko ukutani, na katikati ya mtumbwi kuna mwanamke ameinama, sufuria mkononi, akichota maji na kuyamwaga nje, na midomo yake inaonekana inasali.

Basi jibu letu kwa kijana ni hili: Tungeni wimbo huo. Semeni mlivyokimbia. Tajeni njaa. Tofauti ya ombolezo na manung'uniko ni kwamba manung'uniko yanasemwa mgongoni mwa Mungu, na ombolezo linasemwa mbele ya uso wake. Ila msimsahau aliyemwaga maji, wala jirani aliyewapa uji mlipofika, maana nao ni sehemu ya ukweli.

5. UHALISIA SIYO KUKATA TAMAA

Sasa neno kwa wale waliochoka, wanaosema kwamba ukweli ni giza peke yake.

Mnaijua MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma na kuunganishwa. Ikaingia majini mwaka 1915 kwa jina la Goetzen. Mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani waliona kwamba hawawezi tena kuishika Kigoma. Waliamua kuizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashine zake grisi nzito, maji yasizile. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri ikiitwa Liemba. Meli hiyo hiyo mwaka 1997 ilirudisha Kongo makumi ya maelfu ya wakimbizi, na Mei 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua Warundi waliokuwa wamebanwa kwenye fukwe kwa maelfu, kipindupindu kikiwa kati yao, na kuwafikisha Kigoma.

Mafundi wale walijua mambo mawili kwa wakati mmoja. Walijua kwamba meli inazama leo, na walijua kwamba leo siyo mwisho wa siku zote. Mtu asiyetaka kuona angesema meli haizami, asingepaka grisi. Aliyekata tamaa angesema imekwisha, naye asingepaka grisi.

Yeremia alifanya vivyo hivyo. Yule yule aliyesema miaka ni sabini, wakati jeshi la Babeli limeuzunguka mji na yeye mwenyewe ni mfungwa, alinunua shamba Anathothi kwa Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo. Alipima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Aliita mashahidi, akatia muhuri hati, na kumwambia Baruku aiweke ndani ya chombo cha udongo idumu siku nyingi. Hiyo ilikuwa grisi yake.

Na Abrahamu, baba yetu katika imani? Paulo anasema katika Warumi 4 kwamba aliutazama mwili wake, ambao kwa umri wa karibu miaka mia ulikuwa kama umekufa, na kuzaa kwa Sara kulikuwa kumekwisha. Wala imani yake haikudhoofika. Kutazama hakukuiua imani yake. Imani inayokufa ikitazama haikuwa imani, ilikuwa ndoto.

Na msalaba ni nini, wapendwa? Mungu hakuchora picha ya dunia nzuri na kuituma kwetu. Alikuja mwenyewe, akapigwa misumari halisi kwenye mti halisi. Na siku ya tatu alipofufuka alikuwa bado na makovu mikononi. Tomaso aliyaona. Utukufu haukuyafuta.

6. BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, kila nyumba ihesabu. Baba na mama wakae pamoja mwanzoni mwa mwezi: tuna nini, kitatufikisha wapi, nani anatudai. Bwana Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kuhesabu gharama.

Pili, tusiuze kitu wala kumtoa mtoto shuleni kwa sababu ya habari ya usiku. Tuulize ofisini mchana. Anayetaka fedha ili jina liandikwe, tumkatae.

Tatu, tuwaambie watoto ukweli kwa kipimo chao. Mtoto anayeuliza baba yuko wapi asidanganywe kwamba yuko safarini ikiwa tulimzika. Tukae naye, tulie naye, tuombe naye.

Nne, tunapoandika au kupiga simu kwa ndugu walio mbali, tusijifanye matajiri wala tusijifanye wafu. Tunapenda kupiga picha mbele ya pazia lililochorwa ndege. Hakuna ubaya, ni furaha ya siku moja. Lakini tupige na nyingine mbele ya bustani yetu, wajukuu wajue tuliishije.

Tano, tupake grisi. Tunza cheti cha ubatizo, karatasi ya shule, kadi, hati ya shamba, ndani ya nailoni mahali pakavu. Mfundishe mtoto lugha ya kwao na jina la kijiji chake. Jifunze kushona, kuseremala, kusoma. Meli imezama, lakini mashine zisiliwe na maji.

TUOMBE

Ee Bwana, wewe unatuona jinsi tulivyo. Utupe macho ya kutazama bila kuogopa na midomo ya kusema bila kudanganya. Utulinde na manabii wa miaka miwili. Wabariki watungaji wa nyimbo na wachoraji wetu, watuandikie ukumbusho wa kweli. Uwakumbuke waliobaki Kongo, na Burundi iliyotupokea uipe amani. Utufikishe pwani, hata kama ni juu ya mbao. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini Paulo hakuwazuia mabaharia kupima maji, ingawa alikuwa na ahadi ya Mungu?
2. Ni habari gani za Hanania zimepita katika mtaa wenu mwaka huu? Mlizipima namna gani?
3. Chagueni wimbo mmoja wa kwaya yetu. Je, unasema ukweli wote, dhoruba pamoja na sufuria?
4. Nyumba yenu inapaka grisi kitu gani kwa ajili ya siku zijazo?

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.

Wenu katika shamba la Bwana,
Mchungaji wa kanisa